Bomba la Moshi Lililopandwa Liki

Kidole hakijaondoka. Dakika tano nzima kiko palepale, juu ya bomba la moshi la ile injini ndogo, na mwenye kidole ni mzee Cuthbert Garbutt, miaka themanini na tisa. Huyu alikuwa mtia makaa kwenye injini yenyewe hasa, ile kubwa, ya kweli.

"Injini hii haijawahi kuzaliwa," alisema tena, kwa faida ya ambao hawakumsikia mara ya kwanza.

Alban Threlfall, fundi aliyeitengeneza ile ndogo, aliweka boksi lake chini.

Siku nne barabarani. Jumatatu Plymouth, jioni yake Cardiff. Jumanne Norwich na Leicester. Jana Lincoln, kisha York. Maduka sita, saini sita za oda. Leo Alhamisi, saa nne asubuhi, Hexham, duka la saba na la mwisho. Yakikubali yote saba, karakana ya treni ndogo aliyoachiwa na baba yake kule Todmorden inapona, na mafundi tisa wanabaki kazini. Likikataa moja tu, kesho anafunga mlango na funguo anampa mwenye jengo.

"Haijazaliwa vipi, mzee?" Alban aliuliza. "Nimeipima ile ya kweli mwenyewe. Wikendi tatu nimelala chali chini yake kwenye reli ya makumbusho. Nimehesabu kila ribiti."

"Kupima ulipima vizuri. Ila ulipima kitu kibaya."

"Una maana gani?"

"Wale wa kujitolea walipoinunua kwa wauza vyuma chakavu, ilikuwa haina bomba. Wakaivika la injini nyingine iliyokufa. Miaka arobaini inatembea na kofia ya marehemu, na wewe ukaja na tepu yako ukapima kofia ya marehemu."

Wateja waliacha kupekua rafu. Hata kile kitreni cha dirishani kilichokuwa kinazunguka kilisikika kwa mara ya kwanza.

Alban alijua maana yake. Wateja wa treni ndogo si watoto. Ni wanaume wazima wenye miwani miwili, mmoja machoni na mwingine kwenye kamba shingoni. Milimita moja ikizidi wanaandika barua kwenye jarida. Barua ikitoka, maduka yanarudisha maboksi, na jina la fundi linabaki la kuchekea kwenye vilabu vyao mpaka anaingia kaburini.

Mwenye duka, Tristram Hedley, mtu mwembamba mwenye sweta ya rangi ya haradali, alimvuta Alban pembeni.

"Bwana Threlfall, nani mwingine anayajua haya?"

"Sijui. Yeye tu, nadhani."

"Ana miaka themanini na tisa." Hedley alisogeza karatasi ya oda na kuweka kalamu juu yake. "Mimi sijasikia kitu. Wewe hujasikia kitu. Wiki ijayo yeye mwenyewe hatakumbuka."

"Hedley, masikio yangu yako salama," Garbutt alisema kutoka kule kwenye kaunta. "Kilichokufa ni magoti."

Alban alimtazama Dilys Probert. Dilys ni Mwelshi, fundi rangi wake kwa miaka kumi na moja, mwanamke anayeweza kuandika namba ya injini kwa brashi yenye unywele mmoja. Wiki hii ndiye aliyekuwa dereva pia, kwa sababu Alban akishika usukani anawaza treni.

"Saini, bosi," Dilys alisema. "Tuondoke."

"Umesikia alichosema?"

"Nimesikia. Saini."

Simu ikalia mfukoni. Mkewe, Muriel. Tangu Jumatatu alikuwa anapiga mara tatu kwa siku, na mara zote tatu swali ni lile lile.

"Umesaini Hexham?"

"Kuna tatizo, Muriel. La bomba la moshi."

 Muriel hakuuliza tatizo gani.

"Saini, Alban. Saini urudi nyumbani."

Alban alichukua kalamu. Ndiyo, aliichukua, tusidanganyane. Mkono ukashuka mpaka kwenye mstari. Hapo ndipo alipomkumbuka marehemu baba yake akiweka injini yenye kosa juu ya fuawe mbele ya mafundi wote na kuipiga nyundo moja, halafu anafagia vipande mwenyewe bila neno.

Akaweka kalamu chini.

"Mzee Garbutt. Bomba la kweli lilikuwaje?"

"Fupi kuliko hilo lako. Nene mdomoni. Zuri kama mguu wa mama mkwe wangu, na sisemi hivyo kwa kila kitu."

"Kuna picha? Mchoro?"

"Wa nini? Lenyewe lipo."

"Lipo wapi?"

"Ashington. Kwa Nora Fenwick. Mumewe, Wilf, ndiye alikuwa dereva wangu. Siku ya mwisho ya ile injini alilifungua akaondoka nalo kwa mkokoteni wa makaa. Wilf alishafariki. Nora kalipandia liki."

Hedley akacheka; liki ni mboga tu, binamu mrefu wa kitunguu. Garbutt hakucheka, na Alban akaangalia saa.

Kule Birmingham kulikuwa na mtu anaitwa Horace Bayliss, mchonga kalibu za chuma ambamo treni ndogo humiminwa, wa mwisho anayekubali kazi ndogo kama ya Alban. Bayliss anastaafu. Kesho saa moja asubuhi lori linakuja kuichukua mashine yake. Kuchonga kalibu ya injini hii ni kazi ya saa kumi na sita, kwa hiyo leo saa tisa alasiri lazima aanze. Akishaanza anafunga mlango, anazima simu, na chuma kikishachongwa hakirudi. Michoro iliyoko mezani kwake ni ya Alban, ile yenye kofia ya marehemu.

"Hedley, nakupigia kabla ya saa tisa," Alban alisema. "Nikikupa vipimo vya kweli, utasaini?"

"Kabla ya saa tisa, sawa. Baada ya hapo nafasi kwenye rafu naijaza na kitu kingine."

"Bosi, Ashington mbali," Dilys alisema.

"Saa moja tu."

"Mafuta yamebaki kidogo."

"Tulijaza York jana. Mzee Garbutt, unaweza kutuonyesha njia?"

"Naweza, mkinisaidia kupanda. Na kiti cha mbele ni changu."

Safari ya saa moja ikawa ya saa tatu. Dilys, ambaye tangu Plymouth hakukosea hata kona moja, alipinda kushoto pale ambapo mzee alisema kulia, na kabla Alban hajainua macho kwenye michoro yake walikuwa milimani katikati ya kondoo, nyuma ya trekta, kwenye barabara isiyo na pa kugeuzia.

"Dada, nilisema kulia," Garbutt alilalamika. "Hata Wilf akiwa amelewa alijua kulia."

"Samahani. Nilisikia vibaya."

"Wewe? Mimi ndiye mwenye umri wa kusikia vibaya."

Alban aliuma kucha. Saa sita. Saa saba kasoro. Trekta halina haraka, kondoo hawana haraka, na mahali pa kugeuzia palipatikana kwenye ua wa mtu aliyetaka kwanza kujua wametoka wapi na mvua ya huko ikoje. Saa saba na nusu ndiyo gari liliposimama Ashington, mbele ya safu ya bustani ndogo zenye vibanda vya mbao na uzio wa milango mibovu.

"Nitabaki na gari," Dilys alisema. Alivuta kofia mpaka kwenye nyusi.

"Njoo unisaidie."

"Injini iko nyuma, bosi. Sehemu hizi sizijui. Nitailinda."

Bi Nora Fenwick alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki mbele ya bustani yake na koleo mapajani kama bunduki. Ilikuwa wiki ya mashindano ya liki, na wiki hiyo mji wa Ashington haumwamini hata padri. Mwaka juzi mtu aliingia na kisu akakata liki za watu wanne.

"Cuthbert," alisema. "Nilidhani umekufa."

"Bado. Nora, huyu ni Threlfall. Anatengeneza treni ndogo. Anataka kuliona bomba la Wilf."

"Wa pili mwaka huu," Bi Nora alisema. "Miaka arobaini hakuna aliyeliulizia, sasa limekuwa kama malkia."

Neno hilo lilipita mbele ya Alban na yeye hakulishika. Macho yake yalikuwa yameshafika.

Pale, mwisho wa tuta, bomba la chuma lilisimama limefukiwa hadi kiunoni. Ndani yake limejaa udongo mweusi, na juu ya udongo imesimama liki moja, shingo nyeupe nene kama mkono wa mwashi, majani yamefungiwa kijiti kwa uzi. Pembeni ardhini kulikuwa na mbili nyingine za kimo kile kile, unene ule ule.

Alban alipiga magoti akatoa tepu. Alipima mdomo, alipima shingo. Kila namba ilikuwa tofauti na yake. Mzee alikuwa sahihi kwa kila kitu.

"Mama, nahitaji kuliona tako lake," alisema. "Lina mkunjo unaokaa juu ya boila. Nisipoupata huo, bomba litaelea."

"Tako liko ardhini."

"Ndiyo maana nataka kulichimba."

Bi Nora alinyoosha koleo kuelekea zile mbili za pembeni.

"Mwanangu, mashindano ni Jumamosi. Yanataka liki tatu zinazofanana kama mapacha. Ukiigusa hiyo moja, hizo mbili ni za supu."

"Nakuomba."

"Tangu mwezi wa nne nazipa maji kwa kijiko."

"Mama, nina mafundi tisa. Mmoja mkewe ana mimba ya mapacha. Mwingine alikuja kwa baba yangu akiwa na miaka kumi na tano, hajui kazi nyingine duniani. Leo saa tisa mtu Birmingham anachonga chuma, na nisipompigia anachonga uongo, na uongo huo ndio utakaotuzika." Akashika ukingo wa bomba. "Nitakupa chochote. Nitakuletea injini ya kwanza kabisa kutoka kiwandani."

"Sina pa kuiweka."

"Basi sema unachotaka."

"Nataka kuiona kwanza hiyo ya uongo."

Alban alikimbia garini. Dilys alimpa boksi kupitia dirishani bila kushuka, uso ameugeuzia upande wa pili. Bi Nora aliishika ile injini kiganjani, akaigeuza, akapuliza vumbi lisilokuwepo.

"Rangi ni yenyewe," alisema. "Nani kapaka?"

"Fundi wangu. Yuko garini."

"Ana mkono huyo." Akaligusa bomba kwa ukucha. "Lakini hili! Wilf angekurushia chai usoni. Kila mwaka tulikuwa tunakwenda pale makumbusho kuitazama ikipita, na kila mwaka ananiambia, Nora, wamemvisha mke wangu kofia ya mwanamke mwingine. Nilikuwa namuuliza, mkeo ni mimi au hiyo? Hajawahi kunijibu."

Aliinuka, akamkabidhi Alban koleo.

"Utaing'oa wewe. Mimi sitaki kuwepo kwenye kesi."

Saa nane na dakika kumi. Alban alichimba kwa mikono, vidole vikizunguka mizizi kama mtu anayetoa mwiba kwenye jicho. Garbutt alikaa kwenye ndoo iliyogeuzwa akitoa maelekezo ambayo hakuna aliyeyaomba. Liki ilitoka nzima, mizizi yake mirefu kama ndevu. Bi Nora aliipokea kwa mikono miwili, akaifunga kwa gazeti lililoloweshwa, akailaza kivulini.

"Ikifika Jumamosi imesinyaa," alisema, "nakuja Todmorden kukaa mlangoni kwako na hili koleo."

"Karibu sana, mama."

"Usinikaribishe. Chimba."

Walilisukuma bomba kwa ubao, Alban na yule bibi, huku mzee akihesabu moja mbili tatu kutoka kwenye ndoo. Likagoma. Wakasukuma tena. Mgongo wa Alban ukalia. Likainama, likalala ubavu kwa kishindo, na tako lake likatazama jua kwa mara ya kwanza baada ya miezi.

Ndani ya ukingo, chini ya kutu, kulikuwa na namba zimegongwa kwa nyundo. Alban alizisugua kwa kidole kilicholowa mate. Zilikuwa zile zile za ubavuni mwa injini. Ndilo lenyewe.

Akapasua boksi la mbegu, akaiweka kadibodi yake kwenye mkunjo, akachora kwa penseli. Kadibodi iliteleza mara mbili mpaka Bi Nora akamshikia.

"Tulia, baba. Lilikaa miaka arobaini, halikimbii."

Saa nane na dakika arobaini na mbili. Akapiga Birmingham. Simu iliita mara moja, mbili, tano, nane.

"Bayliss."

"Horace, usianze. Mimi Alban. Bomba la moshi limebadilika. Andika."

"Alban, chuma kimeshafungwa mezani."

"Andika tu, nakuomba. Kimo, inchi ishirini na tatu na nusu. Mdomo, inchi kumi na tisa, na ukingo wake umepigwa mara mbili. Tako lina mkunjo, nusu kipenyo inchi thelathini na moja na robo."

Upande wa pili penseli ilikuwa inakwaruza. Kisha ikaacha.

"Soma tena," Bayliss alisema.

Alban akasoma tena.

"Ukingo mara mbili. Thelathini na moja na robo. Una hakika?"

"Nimelishika kwa mkono. Kwa nini?"

Bayliss alishusha pumzi ndefu. "Kwa sababu bomba hilo nimeshalichonga. Mwezi wa tano. Injini nzima, hii hii, na bomba hilo hilo."

Alban aliibana simu sikioni.

"Kwa nani?"

"Unajua sisemi. Miaka arobaini na tano sijamwambia mteja kazi ya mteja mwingine. Wewe mwenyewe hungeniletea kazi kama ningekuwa nasema."

"Horace, mtu mwingine akitoa injini hii kabla yangu, mimi nimekufa."

"Najua. Nilidhani wote mnajuana. Pole, Alban."

Nani? Bomba liko Ashington, kwenye tuta la bibi mmoja, limefukiwa. Nani angejua? Hapo ndipo lile neno lililompita mlangoni mwa bustani liliporudi mbio na kumshika shati. Wa pili mwaka huu.

Aligeuka kumuuliza Bi Nora. Hakuwepo. Alikuwa anatembea polepole kuelekea garini na kikombe cha chai, kwa sababu mtu hawezi kukaa mbele ya bustani yake saa nzima bila kupewa chai. Alban alimwona anagonga kioo. Alimwona Dilys anakataa kwa kichwa. Alimwona Bi Nora anainama, anaichungulia ile kofia iliyovutwa hadi kwenye nyusi, na sauti yake ya watu wasiosikia vizuri ikafika mpaka kwenye tuta.

"Ah, kumbe ni wewe, mwanangu. Mbona hukuingia? Mwezi wa tatu ulikula keki mbili."

Garbutt aliinuka kwenye ndoo bila kusaidiwa na mtu.

Alban alitembea. Hakukimbia. Simu ilikuwa bado sikioni, na Bayliss alikuwa anasema saa tisa kasoro dakika nne.

Dilys alikuwa ameshika usukani kwa mikono yote miwili, na gari limezimwa. Alipomwona bosi wake dirishani, hakujaribu kuwasha.

"Miaka kumi na moja," Alban alisema. "Umeniuza kwa nani?"

"Sijakuuza."

"Mwezi wa tatu ulikuja hapa ukapima bomba, kabla halijafukiwa. Mwezi wa tano likachongwa. Mimi wikendi tatu nimelala chali kwenye mafuta machafu, unanipikia chai, unaniangalia napima kitu ambacho unajua ni cha uongo. Ukanipeleka milimani kwa makusudi. Sasa niambie, Dilys. Nani?"

"Nilikwambia usaini tuondoke. Nilikwambia mara mbili."

"Nani?"

Dilys alimtazama kwa mara ya kwanza tangu Hexham. Macho yalikuwa mekundu, lakini sauti haikutikisika.

"Nilitumwa, bosi. Michoro niliipeleka mkononi mwake, na Birmingham alikwenda mwenyewe kuichongesha injini yake. Kwa nini, sikuambiwa. Mtu anayekupigia mara tatu kwa siku kuuliza kama umeshasaini."

Bi Nora alikuwa bado amesimama pale na kikombe. Chai ilikuwa inamwagika kwenye viatu vyake na yeye hajui.

"Muriel?" Alban alisema. Lilitoka kama jina la mtu asiyemfahamu.

Dilys aliitikia kwa kichwa.

Na kutoka kwenye kile kisimu kilichokuwa kimeshuka mpaka kifuani, sauti ndogo ya Birmingham ilikuwa inaendelea kuuliza: "Alban? Ni saa tisa. Nianze au nisianze?"